Kipigo cha sita cha Muhammad Ali

Muulize mpenzi yeyote wa ngumi Muhammad Ali alishindwa mara ngapi, atakujibu mara tano. Mwalimu mmoja mstaafu wa Mbamba Bay, mkoani Ruvuma, kando ya Ziwa Nyasa, ambaye hakupenda jina lake liandikwe, anasema mara sita. Tulikuwa tumekaa barazani kwake jioni, harufu ya usipa ulioanikwa ikitufikia kutoka ufukweni, tukizungumzia miaka 10 tangu bondia huyo afariki dunia Juni 3, 2016. Hesabu yake hakuilegeza hata kidogo: kipigo cha sita Ali alikipata Dar es Salaam, Februari 1980, wala hakurushiwa konde.

Vile vitano vinajulikana. Machi 8, 1971, Joe Frazier alimwangusha raundi ya 15 kwa konde la kushoto pale Madison Square Garden, New York, akashinda kwa pointi. Machi 1973 Ken Norton alimvunja taya huko San Diego. Februari 1978 taji lilichukuliwa na Leon Spinks, kijana aliyekuwa na mapambano saba tu ya kulipwa. Hao watatu Ali alirudiana nao, akawashinda wote. Walibaki Larry Holmes, 1980, na Trevor Berbick, 1981, ambao umri haukumruhusu tena kuwalipa. Katika mapambano 61 alishinda 56.

Hadithi ya Dar es Salaam inaanzia Afghanistan. Majeshi ya Urusi ya Kisovieti yaliingia huko Desemba 1979, na Rais Jimmy Carter wa Marekani akataka dunia isusie Michezo ya Olimpiki ya Moscow. Ili kuishawishi Afrika alimtuma Ali, aliyekuwa India wakati huo, apite Tanzania, Kenya, Nigeria, Liberia na Senegal. Ndege ya serikali ya Marekani ikamleta.

Hesabu ya Carter ilikuwa nyepesi: Waafrika wanampenda Ali, basi watamsikiliza. Kupendwa alipendwa kweli. Mwaka 1967 alikataa kwenda kupigana Vietnam, akavuliwa ubingwa na kukaa nje ya ulingo zaidi ya miaka mitatu. Mwaka 1974 alimwangusha George Foreman katika raundi ya nane mjini Kinshasa, na watu ambao hawakuwahi kumwona kwenye televisheni waliusikia ushindi ule kama wao. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni wakati huo. Huku kwetu Ali alikuwa sauti ya redioni na picha ya gazetini iliyobandikwa ukutani kwa uji wa ngano.

Watu walimlaki Dar kwa shangwe, lakini Ikulu hakukanyaga. Mwalimu Julius Nyerere alikataa kuonana naye. Kumtuma bondia kwa mkuu wa nchi kuhusu jambo zito kiasi kile kulionekana ni dharau, na mwanadiplomasia mmoja wa Tanzania aliuliza kama Wamarekani wangeweza kumtuma mcheza tenisi Chris Evert akajadiliane na London. Mgeni akakutanishwa na waziri aliyehusika na vijana na utamaduni.

Kisha wakaja waandishi wa habari, na hapo ndipo mzee wangu wa Mbamba Bay anaposogea mbele ya kiti. Walimuuliza Ali kuhusu 1976. Mwaka ule Tanzania ilikuwa mstari wa mbele katika nchi za Afrika zilizoisusia Olimpiki ya Montreal, kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu. Marekani haikuziunga mkono nchi hizo. Kwa nini leo Afrika iisusie Moscow kwa ajili ya Marekani?

Ali hakuwa na jibu, na hakujificha. Alisema hakuelezwa habari hiyo kabla ya safari, na kwamba huenda alikuwa anatumiwa kufanya jambo lisilo sawa. Mtu aliyeikatalia serikali yake mwaka 1967 alikuwa amekuja kuibebea ujumbe mwaka 1980, na alipoonyeshwa kosa alilikiri hadharani. Mzee anamheshimu zaidi kwa hilo kuliko kwa Kinshasa. Nakubaliana naye.

Swali la 1976 lilikuwa na uzito wa pekee Ruvuma. Mkoa huu unapakana na Msumbiji, na watu wake walikaa jirani na vita vya ukombozi mpaka uhuru wa 1975. Gharama ya kususia nayo ilijulikana. Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch mwaka 1974, hakukimbia Montreal. Dhahabu ya mbio hizo aliichukua John Walker wa New Zealand.

Kutoka Dar, Ali alikwenda Nairobi. Rais Daniel arap Moi alimpokea, na Kenya haikwenda Moscow. Malawi nayo ilibaki nyumbani. Ukisimama Mbamba Bay ukatazama ng'ambo ya ziwa, upande wa Nkhata Bay, unaitazama nchi iliyosusia. Msumbiji, jirani wa kusini, ilishiriki Olimpiki kwa mara ya kwanza mwaka uleule.

Tanzania ilikwenda. Mzee wakati huo alikuwa mwalimu kijana huko Umatengoni, Mbinga, msimu wa kahawa, na anakumbuka betri za redio zilivyopangwa kwenye kichanja pembeni ya kahawa, zipate jua ili zifike taarifa ya habari ya usiku. Julai 31 Bayi aliongoza mita 3000 za kuruka viunzi na maji mpaka Mpolandi Bronisław Malinowski alipompita mzunguko wa mwisho. Fedha. Kesho yake Suleiman Nyambui akamaliza mita 5000 nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia kwa chini ya sekunde moja. Fedha tena.

Oktoba 2 mwaka huohuo Holmes alimpiga Ali hadi mkufunzi wake, Angelo Dundee, akazuia pambano lisiendelee baada ya raundi ya 10.

Kwa riadha ya Tanzania, miaka iliyofuata haina mengi ya kusimulia, ingawa Alphonce Simbu alitupa dhahabu ya marathoni ya dunia Tokyo mwaka 2025. Kinachoniuma ni kwamba vijana wa Mbinga wanavaa fulana zenye sura ya Ali bila kujua kwamba alipita katika nchi yao, na kwamba Watanzania walimfundisha jambo. Waandishi mliokuwa mbele yake siku ile, kama bado mpo, tuandikieni mlichokiona. Medali za Olimpiki za Tanzania mpaka leo ni zilezile mbili za Moscow.