Jinsi ya kujiandaa kwa mahojiano ya kazi ya urubani

LESENI ya rubani wa kibiashara humfikisha mwombaji mlangoni mwa shirika la ndege. Mahojiano ndiyo huamua iwapo ataingia.

Maandalizi huanzia kwenye stakabadhi. Leseni na cheti cha afya cha daraja la kwanza viwe bado halali, na daftari la saa za urukaji lijumlishwe upya, ukurasa baada ya ukurasa. Saa zilizotiwa chumvi hugunduliwa upesi, na hapo mwombaji hana tena wa kumwamini. Aidha, azifahamu ndege za shirika hilo, injini zake na miji zinakotua.

Jopo litauliza kuhusu hali ya hewa, mafuta ya akiba na kasi ya kupaa, kisha kumjaribu kwenye mtambo unaoigiza urukaji. Hata hivyo, swali zito huwa jingine: rubani msaidizi afanyeje rubani mkuu anapokosea?

Swali hilo si la nadharia tu. Mnamo Mei 5, 2007, ndege ya Kenya Airways aina ya Boeing 737-800 ilianguka muda mfupi baada ya kupaa kutoka Douala, Kamerun. Watu wote 114 walifariki. Wachunguzi walitaja kupotewa na mwelekeo angani pamoja na ushirikiano hafifu baina ya marubani.

Kwa hivyo, jibu la kukariri halitoshi. Mwombaji aeleze tukio halisi: aliona nini, akasema nini, na hatua gani ikafuata. Mkubwa huheshimiwa, lakini rubani anayenyamaza akiona hatari hajamheshimu mkubwa wake wala abiria.