Kupumzika kwetu Lubumbashi, tangu sirene mpaka leo

Tukizungumza juu ya desturi zetu, tunataja ndoa, matanga, majina ya watoto. Kupumzika hatukutaji. Watu wanaona kupumzika ni kukaa bure tu, hakuna cha kufundisha pale. Sisi tunaona vingine: ni kitu mtu anajifunza, na hapa mjini kwetu kina historia yake.

Mji huu ulianza mwaka 1910, na mwaka uliofuata tanuru la Lubumbashi likaanza kuyeyusha shaba. Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, ilileta watu toka vijiji vya mbali. Kule shambani jua likichoma sana, mtu alitafuta kivuli. Likipungua, alirudi kwa jembe. Hapa saa ikawa ya sirene. Sirene ililia, baba akaenda kazini. Ililia tena, mama kambini akajua sasa njo wakati wa kusonga bukari. Tangu mwisho wa miaka ya 1920 kampuni ilikaza kuwaweka wafanyakazi pamoja na familia zao: nyumba, posho, hospitali, shule. Hata mpira na michezo ya vijana ilipangwa na kampuni pamoja na mapadri. Mtu alipangiwa kazi, akapangiwa na pumziko.

Lakini barzani jioni, pale wazee walikuwa na ufundi wao wenyewe. Baba akirudi hakuulizwa neno. Alivua viatu, alinawa, alikaa, akaletewa kopo la munkoyo. Watoto wakimkimbilia, mama aliwakataza: "Mumuache kwanza, roho yake ishuke." Munkoyo wenyewe, ule wa unga wa mahindi na mizizi, haunywewi mbio. Kwa jirani walicheza kisolo: mkono unaokota mbegu, unaziangusha moja moja katika mashimo, na kwa muda ule kichwa kinasahau mukubwa wa kazi. Halafu kulikuwa na gitaa. Mwenda Jean Bosco, ambaye Hugh Tracey alimrekodi kule Jadotville, leo Likasi, alipiga kwa kidole gumba na cha shahada, na mwaka 1952 wimbo wake "Masanga" ulipata tuzo. Gitaa moja, bila ngoma kubwa. Ni muziki wa mtu aliyekaa kitini. (Pombe nayo ilikuwako, hatufichi, na si kila baba alirudi nyumbani na roho ya kushuka.)

Union Minière ilitaifishwa mwaka 1967, ikaja kuwa Gécamines. Miaka ya 1990 kampuni ilianguka, na katika 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10.000 waliondoka kwa ile iliyoitwa "départ volontaire", wengi wakidai mishahara ya miezi mingi. Hapo njo tuliona jambo la kushangaza. Watu walikuwa na wakati wote wa dunia, na hawakupumzika. Baba alikaa barza ile ile, kiti kile kile, mabega juu, meno yamebanwa. Usingizi hakuna. Aliyekosa kazi hapumziki. Anangojea, na kungojea kunachosha kuliko kubeba mawe ya shaba.

Mwalimu mmoja wa tiba, Edmund Jacobson, aliandika juu ya mwili kama huo. Kitabu chake kilitoka Chicago mwaka 1929. Alisema mtu hajui kwamba amekaza misuli mpaka aikaze kwa kusudi, halafu ailegeze. Unafunga ngumi kwa nguvu, unahesabu mpaka tano, unaachilia. Unafuata mabega, uso, tumbo, miguu. Pumzi nayo: unavuta kwa pua ukihesabu tatu, unatoa polepole ukihesabu sita, kwa sababu wakati wa kutoa pumzi moyo unapunguza mwendo. Haiombi feza, wala umeme wa SNEL. Kwetu sisi si kitu kigeni kabisa: kuvua viatu, kukaa, kunyamaza, kunywa polepole, yote yalikuwa barzani. Ila hayo hayaleti mshahara, wala hatumwambii mzee kwamba pumzi italipa deni lake.

Tumejaribu na wanafunzi wa mwaka wa sita, mbele ya mtihani wa Leta, dakika tano kabla ya somo. Siku ya kwanza walicheka. Ya pili walicheka kidogo. Ya nne darasa lilinyamaza, na mmoja kule nyuma akasinzia kabisa. Tulimuacha.