Waliochelewa Kuiva

Tarehe 12 Julai 2025, katika uwanja mkuu wa Wimbledon, Julian Cash na Lloyd Glasspool walishinda fainali ya tenisi ya wanaume wawili wawili kwa 6-2, 7-6. Taarifa nyingi za siku ile ziliubeba mwaka 1936, kwa kuwa ndio mwaka wa mwisho ambao jozi ya Waingereza watupu, Pat Hughes na Raymond Tuckey, ilikuwa imetwaa taji hilo. Pengo la miaka 89 linatosha kuwa habari peke yake.

Mimi nilibaki kwenye mstari mwingine wa wasifu wao, ule ambao msomaji huuruka kwa haraka. Cash alichezea chuo cha Oklahoma State. Glasspool alichezea Chuo Kikuu cha Texas. Nikarudi nyuma mwaka mmoja: bingwa wa 2024 alikuwa Henry Patten, akicheza na Harri Heliövaara wa Ufini, na Patten alisoma Chuo Kikuu cha North Carolina kilichoko Asheville, chuo kidogo katika mji wa milimani. Nikarudi tena: bingwa wa 2023 alikuwa Neal Skupski, akicheza na Wesley Koolhof wa Uholanzi. Skupski ni zao la Louisiana State, kama kaka yake Ken aliyemtangulia hapo. Miaka mitatu mfululizo, mabingwa wanne wa Kiingereza, na wote wanne walipitia vyuo vya Marekani. Ukimwongeza Joe Salisbury wa Chuo Kikuu cha Memphis, aliyeshinda US Open ya wawili wawili mwaka 2021, 2022 na 2023 pamoja na Mmarekani Rajeev Ram, inakuwa vigumu kuendelea kuliita jambo hili bahati.

Uingereza ndiyo nchi ya Wimbledon. Ina viwanja, ina makocha, na chama chake cha tenisi hupokea ziada ya fedha za mashindano hayo kila mwaka. Ilikuwaje basi vijana wake wakaivia Oklahoma na Louisiana?

Uhusiano wa tenisi ya Uingereza na vyuo vya Marekani ni wa zamani, ila ulianza kwa sura tofauti kabisa. Tangu 1921 wachezaji wa Oxford na Cambridge wamekuwa wakikutana na wenzao wa Harvard na Yale kugombea Kombe la Prentice. Vijana wale walivuka Atlantiki kama wageni waalikwa, wakacheza, wakala chakula cha jioni na wenyeji wao, wakarudi nyumbani. Hawakwenda kutafuta kitu ambacho kwao hakikuwapo. Enzi hizo tenisi ya Wimbledon ilikuwa ya ridhaa, yaani mchezaji hakulipwa zawadi ya fedha, hivyo ilimfaa zaidi kijana ambaye nyumbani kwao hapakuwa na wasiwasi wa kodi wala chakula. Bunny Austin, aliyefika fainali ya Wimbledon mwaka 1932 na 1938, alitoka Cambridge. Fred Perry, bingwa wa 1934, 1935 na 1936, hakusoma chuo kikuu. Baba yake alianza maisha kwenye kiwanda cha pamba kabla ya kuwa mbunge, naye Perry aliwahi kuwa bingwa wa dunia wa tenisi ya mezani kabla ya kuushangaza ulimwengu kwenye nyasi. Alipoamua kucheza kwa malipo, klabu ya Wimbledon ilimfutia uanachama.

Mwaka 1968 mlango ulifunguliwa: wachezaji wa kulipwa na wa ridhaa wakaruhusiwa kucheza pamoja, na Wimbledon ikaanza kutoa fedha. Wengi tunalisimulia badiliko hilo kama ukombozi, na kwa kiasi kikubwa lilikuwa hivyo. Lakini fedha ilileta haraka. Tenisi ilipogeuka kazi, mtoto alianza kuonekana kama mwanafunzi wa ufundi ambaye hana muda wa kupoteza darasani. Andy Murray aliondoka Uskoti akiwa na miaka 15 kwenda kwenye shule ya tenisi Barcelona. Mwaka 2007 chama cha tenisi kilifungua kituo cha taifa huko Roehampton, London, kilichogharimu kiasi cha pauni milioni 40. Mfumo wa aina hii unalazimika kuchagua mapema. Nafasi ni chache, kocha ni ghali, na kijana ambaye hajaonyesha makali akiwa na miaka 17 au 18 huanza kuonekana kama fedha inayomwagika.

Sisi tuliopita kwenye mitihani ya taifa tunaujua mchujo wa namna hii. Hatari yake inajulikana pia: unapima kasi ya kuiva, halafu unatoa majibu kana kwamba umepima utamu wa tunda.

Vyuo vya Marekani havikuanzishwa kuwaokoa Waingereza walioachwa. Vilikuwa na mashindano yao, mashabiki wao, na ufadhili wa masomo kwa wanamichezo, ambao kwa nchi nyingine ni jambo geni. Andrew Castle, ambaye Waingereza wengi wanamfahamu kama mtangazaji, alisoma Wichita State huko Kansas, akarudi na kuwa namba moja wa nchi yake. Mwaka 1986 alimsukuma Mats Wilander hadi seti ya tano Wimbledon. Wakati ule njia yake ilionekana kama uchochoro wa mtu mmoja.

Ufadhili wenyewe haukuwa mwingi. Kwa miaka mingi timu ya wanaume ya daraja la kwanza iliruhusiwa kutoa sawa na nafasi nne na nusu tu za ufadhili, zigawanywe kwa timu nzima, wakati timu ya wanawake ilikuwa na nafasi nane. Tofauti hiyo ina historia yake. Sheria ya 1972 iliyopiga marufuku ubaguzi wa kijinsia katika elimu, maarufu kama Title IX, ilivilazimisha vyuo kusawazisha nafasi za wanaume na wanawake. Kwa kuwa futiboli ya Kimarekani pekee ilikuwa ikimeza nafasi 85 za wanaume, michezo mingine ya wanaume ilibidi ijibane, na ile ya wanawake ikapata nafuu.

Kitu ambacho vyuo hivi vilikuwa nacho kwa wingi kuliko fedha ni muda, pamoja na namna ya kucheza isiyopatikana kwingine. Mechi ya vyuo huwa na pointi saba, na wa kwanza kufikisha nne ndiye mshindi. Kuna michezo sita ya mmoja mmoja, kila mmoja una pointi yake. Kuna pia michezo mitatu ya wawili wawili, na timu inayoshinda miwili kati ya hiyo inapata pointi ya saba. Hapa ndipo ninapoiona sehemu kubwa ya jibu. Katika tenisi ya kulipwa, kijana anayetafuta jina huweka nguvu zake zote kwenye mchezo wa mmoja mmoja, na ule wa wawili wawili anauchukua kama kibarua cha jioni. Chuoni pointi ile moja inaweza kuamua msimu, hivyo kocha hutumia saa nyingi kufundisha watu kusimama karibu na wavu, kusoma mwenzako anakwenda wapi, na kurudisha mpira chini miguuni mwa adui. Ongeza mashabiki wanaopiga kelele na kutaja majina yenu, jambo ambalo Wimbledon lingefanya watu wageuke kukutazama. Miaka minne ya mazoezi hayo inatoa mtu anayejua kucheza na mwenzake.

Kwa wanaume, muda huo umefaa hata kwenye mchezo wa mmoja mmoja. Cameron Norrie alizaliwa Johannesburg, akakulia Auckland, akahamia London akiwa kijana, kisha akaenda Texas Christian huko Fort Worth, akasoma sosholojia na kufika namba moja ya wachezaji wa vyuo. Aliondoka mwaka 2017. Mwaka 2021 alishinda Indian Wells, Mwingereza wa kwanza kufanya hivyo katika mchezo wa mmoja mmoja, na 2022 akafika nusu fainali ya Wimbledon na nafasi ya nane duniani. Jacob Fearnley, kijana wa Uskoti, alipita chuo hichohicho na kutwaa nacho taji la taifa la vyuo Mei 2024. Wiki chache baadaye, akiwa nje ya 200 bora duniani, alimpokonya Novak Djokovic seti moja Wimbledon kabla ya kushindwa. Mwaka uliofuata aliingia kwenye 50 bora.

Kwa wanawake hesabu imekuwa tofauti, kwa kuwa wengi wao hufika kileleni mapema: Emma Raducanu alishinda US Open 2021 akiwa na miaka 18, miezi michache baada ya mitihani yake ya sekondari. Hata hivyo wapo waliofaidika. Alicia Barnett alisoma Northwestern, karibu na Chicago, na mwaka 2022 alicheza mechi ya uamuzi ya wawili wawili kwa taifa lake katika nusu fainali ya Kombe la Billie Jean King, Glasgow.

Msomaji wa Afrika Mashariki huenda ameshamkumbuka Angella Okutoyi, Mkenya wa kwanza kutwaa taji la Grand Slam la vijana, pale Wimbledon 2022, ambaye baadaye alikwenda Chuo Kikuu cha Auburn, Alabama. Kuna tofauti moja nisingependa ipotee. Kwa Mwingereza, chuo cha Marekani kilikuwa mlango wa pili baada ya ule wa Roehampton kufungwa. Kwa Okutoyi hapakuwa na Roehampton ya kumfungia.

Najua udhaifu wa hoja yangu: orodha ya mabingwa inawaficha wengine wote. Paul Jubb wa Hull, aliyelelewa na bibi yake baada ya kufiwa na wazazi wote wawili, alishinda taji la mmoja mmoja la vyuo vyote vya Marekani mwaka 2019 akiwa South Carolina, Mwingereza wa kwanza kulitwaa kwa wanaume. Mwaka huohuo alitolewa Wimbledon raundi ya kwanza. Mwaka 2022 alimfikisha Nick Kyrgios seti ya tano hapohapo, akashindwa. Safari yake ya baadaye haikuwa ya Norrie. Nyuma yake wapo vijana wengi ambao walicheza miaka minne, wakavua viatu vya tenisi, wakaenda kutafuta kazi. Lakini hata hao wanaondoka na shahada. Kijana aliyeacha shule akiwa na miaka 16 kwa ajili ya raketi, goti likamsaliti akiwa na 21, ana nini mkononi? Ninapoulinganisha mfumo mmoja na mwingine, hili ndilo swali ninaloliona zito kuliko idadi ya mataji.

Marekani nayo ina bei yake. Mwaka 2025 Oliver Tarvet, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha San Diego aliyekuwa nafasi ya 733 duniani, alipita mechi za mchujo Wimbledon, akashinda raundi ya kwanza, kisha akacheza na Carlos Alcaraz kwenye uwanja mkuu. Alishindwa 6-1, 6-4, 6-4. Zawadi ya raundi ile ilikuwa pauni 99,000, na hakuweza kuichukua yote, kwa sababu kanuni za michezo ya vyuo zilimruhusu dola 10,000 tu kwa mwaka pamoja na gharama zake. Siku chache nzima magazeti yalimsimulia kijana aliyekuwa akitafuta gharama za kudai. Ridhaa ileile iliyomfukuza Perry ilikuwa imehamia ng'ambo, na sasa Mwingereza mwingine alikuwa akiilipia.

Kanuni hizo zinabadilika kwa kasi. Tangu 2021 wanamichezo wa vyuo wanaruhusiwa kupata fedha kwa majina yao, ingawa mwanafunzi wa kigeni hubanwa na masharti ya viza. Juni 2025 mahakama iliidhinisha makubaliano yanayoviruhusu vyuo kuwalipa wanamichezo moja kwa moja, na ukomo wa ufadhili ukabadilishwa kuwa ukomo wa idadi ya wachezaji. Fedha nyingi zitakwenda kwenye futiboli na mpira wa kikapu. Tenisi haiingizi kitu, na Wamarekani wana haki ya kuuliza kwa nini nafasi zao zigharamie watoto wa nchi yenye Wimbledon. Uingereza haina sababu ya kudhani mlango huu utabaki wazi milele kwa sababu tu umekuwa wazi hadi leo.

Miaka kabla ya kuwa bingwa, Henry Patten alikuwa na kazi Wimbledon wakati wa mashindano: aliingiza takwimu za mechi kwa ajili ya kampuni ya IBM, akihesabu mipira ya wengine. Kocha aliyepita pale angemwona karani. Wakati huohuo, kule Asheville, kulikuwa na timu iliyomhitaji kila wiki kwa ajili ya pointi moja ya wawili wawili, na haikuwa na haraka ya kujua atakuwa nani.