Programu iliyozaliwa na kuni zetu

Nimepotea kidogo, kazi za watu zilinibana. Leo tuache mambo ya simu na laptopu, tuongee kuhusu mkaa.

Hapa Githurai 45 mkaa unauzwa kwa mkebe kando ya barabara, na sidhani kuna anayepita pale akawaza kompyuta. Lakini moja ya programu zinazotumika sana duniani kupanga sera za nishati na tabianchi ilianzia kwenye kuni na mkaa wa Kenya. Inaitwa LEAP.

Turudi nyuma. Bei ya mafuta ilipanda 1973, ikapanda tena 1979, na mwaka huo huo wa 1979 serikali ikaunda Wizara ya Nishati. Wakubwa waliongea petroli na mabwawa ya Tana, ilhali karibu robo tatu ya nishati iliyotumika nchini ilitoka kwenye miti. Ndipo mwaka 1980 Taasisi ya Beijer ya Sweden ikaanza mradi wa kuchunguza kuni za Kenya, na Paul Raskin na wenzake kutoka Boston wakaunda programu ya kupiga hesabu hizo.

Kwa jicho la mwandika programu, wazo lenyewe ni rahisi. Unaanza na mpishi: kaya ni ngapi, ngapi zinatumia kuni, ngapi mkaa, kila moja inachoma kilo ngapi kwa mwaka. Halafu unarudi nyuma hadi msituni. Kama tanuri la udongo linatoa kilo 15 za mkaa kwa kilo 100 za kuni, basi kila familia inayohama kijijini na kuanza kupikia mkaa mjini inaongeza mzigo wa miti kuliko inavyoonekana jikoni. Unabadilisha namba moja, tuseme jiko bora, unaendesha tena, unaona mwaka 2000 utakuwaje.

Jibu lilitisha. Mambo yakiendelea vile vile, kufikia mwaka 2000 kungekuwa na upungufu mkubwa wa kuni. Dawa ikawa wazi: pandeni miti.

Sasa hapa ndipo ninapopapenda. Katikati ya miaka ya 1980 mradi uliofuata ulikwenda Kakamega, ukapiga picha kutoka angani na kuhoji watu shambani. Wakakuta miti imejaa! Palipobanana watu, miti ilipandwa zaidi. Na bado akina mama walihangaika kutafuta kuni. Kumbe mti ulikuwa mali ya mwanamume, wa nguzo, mbao na pesa, na mila zilimkataza mwanamke kupanda mti. Hilo halikuwa na safu kwenye jedwali. Waliopanga wakahamia kwenye vichaka vinavyokua haraka, kama kaliandra, ambavyo kimila havikuhesabiwa kuwa miti, kwa hiyo mama aliweza kupanda na kukata mwenyewe.

Wengine husema hii inaonyesha modeli ni upuuzi. Mimi sikubali. Bila ile hesabu, nani angemlipa mtu kwenda Kakamega kuuliza?

LEAP ilikua, ikafika chini ya Taasisi ya Mazingira ya Stockholm, na nchi nyingi ziliitumia kuandaa ahadi zao za kabla ya mkutano wa Paris wa 2015. Ahadi nyingi za aina hiyo zinasimama juu ya modeli. Mwaka 2020 Kenya iliahidi kupunguza hewa chafu kwa asilimia 32 kufikia 2030. Asilimia 32 ya nini? Ya tani milioni 143, yaani kiasi kilichokadiriwa kwamba tungetoa mwaka huo tukikaa bila kufanya chochote. Ukikosea makadirio hayo, ahadi inakuwa rahisi au ngumu bila mtu kugusa jiko.

Na majiko yenyewe yanahesabiwaje? Sensa ya 2019 iliuliza kila kaya nishati yake kuu ya kupikia: kuni asilimia 55.1, gesi 23.9, mkaa 11.6. Neno "kuu" ndilo linalonisumbua. Kwangu gesi ni ya chai na mayai, mkaa ni wa githeri, na mtungi ukiisha tarehe 20 mkaa ni wa kila kitu hadi mshahara uingie. Kwenye jedwali mimi ni mtu wa gesi. Mama anayeniuzia mkaa hapo chini ana hesabu tofauti kabisa.