Mama, Baba na Petali za Ziada

Hemerokali ni mmea wa Asia ya Mashariki. Kwa kawaida ua lake huchanua asubuhi na kunyauka jioni. La kawaida lina sepali tatu, petali tatu na stameni sita. Aina yenye petali tele, kwanso, imo katika maandishi ya mwaka 1712 ya Engelbert Kaempfer, daktari Mjerumani aliyeishi Japani kuanzia 1690 hadi 1692.

Kwa uzuri wake, kwanso ingestahili kuwa mama wa kila ua la aina hiyo. Kumbe haizai. Ina kromosomu 33, seti tatu zisizogawanyika sawasawa, basi haifungi mbegu na huenea kwa mizizi tu. Arlow Stout, aliyefanya kazi katika New York Botanical Garden tangu 1911 hadi 1947, alichunguza ugumba wa hemerokali za namna hii kwa miaka mingi. Chavua ya kwanso kidogo hufaa, kwa hiyo mmea kama huo hutumika kama baba, tena kwa subira kubwa.

Kwanso hupata petali zake za ziada kwa stameni kugeuka petali. Kifuko cha chavua huweza kubaki kimeng'ang'ania ukingoni mwa petali hiyo mpya, na mzalishaji hukitoa hapo kwa kibano. Siku zenye ubaridi mmea uleule huweza kutoa ua la kawaida, kwa hiyo anayechagua mzazi kwa ua la kwanza la msimu hukosea. Kazi hii ilipevuka Marekani: hemerokali ya petali tele 'Betty Woods', iliyotolewa na David Kirchhoff mwaka 1980, ilitwaa tuzo ya Stout Silver Medal mwaka 1991.

Njia ya pili ya kupata petali za ziada ni ngumu zaidi. Hapa stameni hazigeuki. Ua zima huongezeka: sepali nne, petali nne, stameni nane, na ovari yenye vyumba vinne badala ya vitatu. Tabia hii haitulii. Shina moja hutoa leo ua la nne-nne, kesho la tatu-tatu. Ndiyo maana wazalishaji huhesabu maua ya mmea mzima msimu baada ya msimu, na humchagua mzazi kwa asilimia ya maua ya nne-nne aliyofikisha, si kwa ua moja la kuvutia. Miche hungojewa miaka miwili au mitatu ndipo ichanue, na hesabu huanza upya.