Huduma ya Wagonjwa Majumbani na Usimamizi Wake: Mafundisho ya Historia

Katika kumbukumbu ya miaka mia moja ni desturi njema kusimulia habari za majengo, wachungaji na kwaya. Hata hivyo ipo huduma isiyowekewa jiwe la msingi, nayo ni kumhudumia mgonjwa nyumbani kwake. Hospitalini daktari na muuguzi mkuu hupita wodini, na kosa huonekana. Nyumbani shahidi mara nyingi ni mgonjwa peke yake, naye huogopa kulalamika asije akampoteza hata huyo msaidizi mmoja aliye naye. Kwa sababu hiyo historia ya huduma hii ni historia ya usimamizi pia.

Jambo hili si geni katika Kanisa. Kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 6, chaeleza kwamba wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walisahauliwa katika huduma ya kila siku. Mitume hawakuyapuuza manung'uniko, wala hawakutosheka na kuwahimiza watu wapendane zaidi. Waliagiza wachaguliwe watu saba wenye sifa njema, wakawekwa juu ya kazi hiyo.

Mwaka 1836 Mchungaji Theodor Fliedner na mkewe Friederike walianzisha nyumba ya mashemasi wa kike huko Kaiserswerth, Ujerumani. Akina dada walifundishwa kuuguza, kisha wakatumwa hospitalini na katika sharika. Aliyetumwa hakuachwa ajitegemee mwenyewe: nyumba mama iliendelea kuwajibika kwake, na iliweza kumwita arudi. Fliedner aliwaandikia kanuni za kazi pamoja na maswali ya kujihoji. Florence Nightingale alijifunza hapo mwaka 1851.

Huko Liverpool, Uingereza, mfanyabiashara William Rathbone alifiwa na mkewe mwaka 1859. Akamwajiri Mary Robinson, muuguzi aliyekuwa amemhudumia marehemu, awauguze maskini majumbani mwao kwa miezi mitatu. Kabla ya muda huo kwisha, muuguzi huyo aliomba kuacha kazi, kwa kuwa dhiki aliyoikuta ilimlemea. Rathbone akamsihi avumilie, na hatimaye wagonjwa wengi wakapata nafuu. Baadaye mji uligawanywa katika maeneo 18, kila eneo likiwa na muuguzi wake pamoja na mama msimamizi aliyejitolea.

Hata mpango huo mzuri ulikuwa na kasoro. Katika miaka ya 1870, Florence Lees alifanya uchunguzi kwa ajili ya chama kipya cha uuguzi wa majumbani cha London. Aliona kwamba mahali pengi wauguzi waligawa misaada kuliko kuuguza, na kwamba usimamizi wa watu wasio na ujuzi wa uuguzi haukutosha. Mtu mwenye moyo mwema aweza kuona kitanda kimetandikwa, asijue kwamba mgonjwa ana kidonda mgongoni. Hivyo ikasisitizwa kwamba msimamizi awe muuguzi aliyefunzwa. Mwaka 1887, katika Jubilei ya Malkia Victoria, zilitengwa pauni 70,000 kuanzisha taasisi ya wauguzi wa majumbani, nayo ikatuma wakaguzi katika vyama vya mahali.

Kwetu Tanzania haja hii ilidhihirika tangu wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI walipotambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Vitanda vya hospitali havikutosha, na mzigo ukaziangukia familia. Watu wa kujitolea walijitokeza katika vijiji na sharika. Mwaka 1999 Hospitali ya Kilutheri ya Selian, Arusha, ilianzisha huduma ya tiba shufaa inayowafikia wagonjwa hadi majumbani.

Kutokana na historia hii twajifunza mambo manne. Kwanza, kila ziara iandikwe katika daftari: tarehe, hali ya mgonjwa na kilichofanyika. Pili, msimamizi mwenye ujuzi afike mwenyewe nyumbani, mara nyingine bila kutoa taarifa, atazame ngozi ya mgonjwa, ahesabu dawa zilizobaki na kuzilinganisha na daftari. Tatu, mgonjwa aulizwe faraghani, wakati mhudumu hayupo. Nne, taarifa ifike kwa mtu mwenye mamlaka ya kurekebisha, kwa maana daftari lisilosomwa halimsaidii mgonjwa yeyote.

Wapo wanaodhani kwamba kumkagua anayejitolea ni kumdharau. Mary Robinson atufundisha vinginevyo. Alikaribia kushindwa, wala si kwa uvivu. Aliendelea kwa kuwa alikuwepo mtu wa kupokea taarifa yake na kumtia moyo. Ukaguzi mwema humlinda mgonjwa asitupwe, na humlinda mhudumu asielemewe peke yake. Tunapoingia karne ya pili, wazee wa usharika na kamati za diakonia na waiweke kazi hii katika ratiba zao, pamoja na hesabu za sadaka, ambazo hukaguliwa kila mwaka wala hakuna mtunza hazina anayeona amedharauliwa.