Subaru Yako Inalia Nyuma? Pima Hivi Kabla Umwage Doo Kwa Spea

Unapanda bampu ya mtaa pole pole, egzosi inanguruma fiti, halafu huku nyuma inatoka "nyii-nyii" kama kitanda cha hosteli. Ndai inakuchomea picha. Ukiipeleka kwa fundi wa kubahatisha, jibu lake ni moja: "Hizo shoki zimeisha, leta mpya." Unanunua, anafunga, unapanda bampu ya kwanza... na kelele bado iko.

Hapa tunaongea kuhusu Impreza WRX na STI za umbo la GD, zile za 2000 hadi 2007. Lakini hizi hatua zitakusaidia hata kama yako ni ingine.

Huko chini kuna nini?

Kila upande wa nyuma kuna shoki iliyovaa springi, mikono miwili inayoelekea katikati ya gari, na mkono mmoja mrefu unaoenda mbele, mafundi huuita treilingi amu. Mikono yote imeshikwa na bushi za raba. Halafu kuna stabilaiza, chuma kinachounganisha pande mbili, nacho kiko na bushi na linki zake. Hesabu vizuri: ni zaidi ya sehemu kumi zinazoweza kulia. Shoki ni mshukiwa mmoja tu.

1. Skiza kelele ni ya aina gani

"Nyii" kwa bampu ya pole pole: mara mingi ni raba imekauka. "Ko-ko" kwa barabara ya mashimo: angalia linki ya stabilaiza ama mpira wa juu wa shoki. Kama inalia hata kwa lami nyororo na inaenda haraka tairi zikienda haraka, hiyo ni breki ama beringi. Usiguse saspenshoni.

2. Toa mizigo kwa buti

Jeki, spana, tairi ya spea, ile spika kubwa. Finya na siti ya nyuma pia. Kuna watu wamebadilisha bushi kumbe ni lachi ya siti.

3. Ita beshte mmoja

Egesha mahali sawa, weka mawe kwa tairi, kisha achilia handbreki ndio breki zisikudanganye. Yeye afinye kona moja ya nyuma juu chini, wewe uskize. Weka mkono kwa stabilaiza, utahisi mtetemo ukikaribia penye shida. Vidole mbali na springi.

4. Tumia maji

Hii ndio siri. Chukua chupa ya kunyunyizia, lowesha bushi moja tu, kisha finya gari tena. Kelele ikinyamaza, umeshika mwizi. Ndio maana gari zingine hunyamaza siku ya mvua halafu zinaanza tena jua likiwaka. Usimwage oili ya injini: itaficha kelele siku chache huku inaharibu raba.

5. Angalia kwa macho

Inua gari, weka stendi. Usiwahi ingia chini ya gari iliyoshikwa na jeki pekee. Tafuta raba iliyopasuka, bolti iliyolegea, na shoki iliyolowa oili. Ukipata hiyo ya mwisho, sawa, fundi alikuwa na point.

Sasa rekebisha

Kama mwenye alikuuzia aliweka zile bushi ngumu za rangi, hizo hulia zikikauka. Zifunguliwe, zisafishwe, zipakwe grisi ya silikoni. Raba iliyopasuka haipakwi kitu, inabadilishwa, na pande zote mbili.

Bushi za raba za mikono zikifungwa, bolti zikazwe mwisho gari ikiwa imesimama kwa tairi zake, si ikining'inia. Zikikazwa hewani, raba inabaki imejipinda, inapasuka mapema, na unarudi pale pale. Muulize fundi wako atazikaza gari ikiwa wapi kabla umpe kazi.

Na usizoee kuongeza tu muziki. Bushi ya treilingi amu ikiisha, tairi ya nyuma inaanza kujiamulia mwelekeo. Kwa bampu ya mtaa utaskia kelele tu. Ukiwa spidi Thika Road na ukate kona ghafla, mkia wa gari unaweza kukuacha.